Motokaa Inapolia: Namna ya Kusikiliza na Kuchunguza

Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya milio migeni isikikayo katika motokaa. Labda asiye na motokaa atasema kwamba neno hili halimhusu. Walakini apandaye basi, au gari la kupeleka mahindi sokoni, ameweka maisha yake katika mashine ile sawasawa na mwenye kushika usukani. Na pengine abiria aketiye nyuma husikia lisilosikiwa na dereva.

Kila motokaa ina sauti yake ya siku zote. Mwenye kuizoea huitambua mara ibadilikapo, kama mama atambuavyo kikohozi cha mtoto wake. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya chuma kinacholika mara nyingi ni kelele. Lakini wako madereva ambao wakisikia kelele huongeza sauti ya redio ili wasiisikie. Si desturi yetu sisi tusemao katika redio kuwaambia watu wazime redio zao. Lakini kwa jambo hili twasema hivyo bila kusita.

Basi, uchunguzi uanze kwa maswali matatu. Mlio ni wa namna gani? Watoka upande gani? Waja wakati gani? Swali la tatu ndilo kubwa kuliko yote, maana ndilo ligawalo motokaa katika mafungu. Simamisha gari mahali tambarare palipo wazi, vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha kanyaga mafuta polepole. Mlio ukija na kuongezeka pamoja na mwendo wa injini, asili yake i katika injini, au katika vitu vizungushwavyo na injini, kama vile mkanda wa feni na pampu ya maji. Usiposikika hapo, bali wasikika magurudumu yanapozunguka, tafuta katika magurudumu, breki na ekseli. Na kama waja katika mashimo ya barabara tu, tazama springi, shokamzoba na mipira yake.

Mafundi wa zamani walikuwa na hila moja njema, na hata leo yafaa. Huweka ncha ya kijiti kirefu juu ya kitu washukucho, na ncha ya pili karibu na sikio. Sauti hupita katika mti. Ndiyo hekima ile ile ya tabibu Laennec wa Ufaransa, ambaye mwaka 1816 alikunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza moyo wa mgonjwa. Lakini afanyaye hivi akae mbali na feni na mkanda, wala asivae kanga, tai au mikono mipana iwezayo kunaswa.

Sasa tutaje milio michache. Mlio mkali kama filimbi asubuhi, au baada ya mvua, mara nyingi ni mkanda uliolegea au uliochakaa. Mvumo uongezekao kwa kadiri ya mwendo, usiobadilika unapoweka gia huru, huenda ukawa beringi ya gurudumu. Ukizidi unapopinda kulia, shuku kwanza gurudumu la kushoto, kwa kuwa uzito umelielemea hilo. Katika gari livutwalo na magurudumu ya mbele, mlio wa ta-ta-ta unapopinda sana waonyesha kiungo cha ekseli kimelika. Angalia kama mpira wake umepasuka na grisi imemwagika.

Mlio mwepesi wa haraka juu ya injini huweza kuwa alama ya upungufu wa mafuta ya kulainisha. Zima injini, ngoja dakika chache, kisha pima kwa kijiti chake. Dawa yaweza kuwa kuongeza mafuta tu. Lakini ukisikia mgongo mzito chini ya injini, uzidio inapovuta mzigo, simama, zima, na gari likokotwe. Pengine ni beringi za mikono ya pistoni. Na mkono ukivunjika waweza kutoboa mwili wa injini, na mwenye gari akakosa chombo chake na riziki yake kwa siku moja.

Uko na mlio kama changarawe ndani ya debe, gari linapopanda mlima na mzigo. Hapo petroli yawaka isivyo kwa wakati wake. Mwaka 1921 huko Marekani Thomas Midgley na wenzake waligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli hunyamazisha mgongo huo. Injini zikatulia, lakini moshi wenye risasi ukadhuru watu, hasa akili za watoto. Na nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa motokaa, nayo ni Algeria, iliacha mwaka 2021. Tujifunze hapa kwamba kunyamazisha kelele si lazima kuwe kuponya. Siku hizi tia petroli ya daraja iliyoagizwa na watengenezaji, teremsha gia mapema, na fundi atazame wakati wa cheche.

Ngurumo chini ya gari huonyesha bomba la moshi limetoboka. Wengi huichukua kuwa ni aibu tu, kumbe yaweza kuwa mauti, maana katika moshi mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu waliofunga madirisha.

Tumeacha breki mwisho, ili zikae katika kumbukumbu. Pedi nyingi za breki zina kibati kidogo kiliacho zinapokaribia kwisha. Yaani watengenezaji wenyewe wameweka mlinzi wa kupiga kelele. Asiyemsikia mlinzi huyo atasikia chuma kikikwaruza chuma. Fikirini mteremko wa Lushoto hadi Mombo, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, gari limejaa watu: huko si mahali pa kujua kwamba pedi zimekwisha. Vivyo hivyo kugonga katika gurudumu moja huweza kuwa nati zilizolegea. Simama mara moja, uzikaze kabla gurudumu halijatoka.

Mkifika kwa fundi, msimwambie, "Badilisha beringi." Mwambieni mlio, mahali pake na wakati wake, kisha mpande pamoja naye ausikie mwenyewe. Mgonjwa hueleza maumivu. Tabibu hutaja maradhi. Hivyo hamtalipa fedha kwa kitu kizima na kurudi nyumbani na kelele ile ile.

Tena, ninyi abiria, msione haya kumwambia dereva kwa adabu, "Bwana dereva, gurudumu la nyuma lalia." Na ninyi madereva, msikasirike mkiambiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika barabara, pengine hapatabaki mtu wa kuujenga. Kwa herini.