Tuiulize Orodha Kabla ya Kugawa



Wote tunakumbuka mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010. Nyumba zilibomoka, reli ya kati ikakatika, watu wengi wakahamia kwenye mahema. Wakati kama ule chakula na mablanketi hufuata orodha. Asiyekuwemo hapati. Ndiyo maana leo nazungumzia orodha.

Wengi wetu tunaweka majina ya kaya kwenye Excel. Kupekua mamia ya mistari kwa macho kunachosha na huleta makosa. Ipo njia nyingine: programu ndogo inaweza kuliuliza faili hilo kama hifadhidata, kwa lugha ya SQL iliyobuniwa IBM miaka ya 1970. Karatasi iitwayo Kaya huchukuliwa kuwa jedwali, na mstari wake wa kwanza kuwa majina ya safu. Tunaandika hivi:

SELECT Jina, Watu FROM [Kaya$] WHERE Kata = 'Mikumi' AND Watu >= 6

Yaani: nipe jina na idadi ya watu, kutoka karatasi ya Kaya, kwa kaya za kata ya Mikumi zenye watu 6 au zaidi. Alama ya dola na mabano ya mraba visisahaulike.

Sasa tusikilizane vizuri. Kiunganishi cha Microsoft kinachosoma faili hilo kwa kawaida hutazama mistari 8 ya kwanza tu, kisha huamua kama safu ni ya namba au ya maneno. Kikiamua ni namba, na huko chini mtu ameandika "watu 7", hapo husomeka patupu. Hakuna onyo lolote. Familia hiyo inatoka kwenye orodha kimya kimya, na siku ya mgao mama anarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo tufanye mambo matatu. Kwanza, kwenye safu ya idadi tuandike tarakimu peke yake. Pili, jina la kata liandikwe kwa namna moja. Tatu, kabla ya kugawa tuhesabu mara mbili: COUNT(*) huhesabu mistari yote, COUNT(Watu) huhesabu ile tu ambayo idadi yake imesomeka. Majibu yakitofautiana, turudi kwenye daftari tuitafute kaya iliyopotea.

Baada ya hapo orodha ibandikwe ofisini kwa mtendaji, wananchi waisome wenyewe.