Muhuri wa mjumbe hauzuii tingatinga

(Mazungumzo na vijana wa Tegeta, Dar es Salaam)

 

Mimi si mwanasheria. Shule niliishia sekondari, na riziki yangu ni kuandika habari. Lakini nimekaa sana kwenye mabenchi ya mabaraza ya ardhi, na nimeona jambo moja: mlalahoi anaingia na machozi, mwenzake anaingia na karatasi. Anayetoka anacheka ni mwenye karatasi.

Kaka yangu alinunua kiwanja mwaka 2014. Wakaandikishana mbele ya mjumbe, muhuri ukapigwa, soda zikanywewa. Akapandisha vyumba vinne, akaweka wapangaji, mtaa mzima ukamwita baba mwenye nyumba. Mwaka wa tatu akatokea bwana mmoja na karatasi ya muuzaji yule yule, tarehe ya mwaka 2012. Muuzaji alishauza, hakuwa na kitu cha kuuza tena. Kaka akashindwa kesi, na wapangaji wakahama wakimdai kodi waliyolipa mbele.

Mtasema huyo ni mmoja. Haya, tazameni hapo jirani, Chasimba, karibu na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Watu walinunua, wakajenga, wakazaa na kulea. Kiwanda kikaenda mahakamani kudai eneo ni lake, kikashinda. Maelfu ya watu wakalala wakisikiliza kama tingatinga linakuja. Kilichowaokoa si karatasi zao. Ni Serikali kukaa na kiwanda, William Lukuvi akiwa Waziri wa Ardhi, ndipo wakaambiwa watabaki, lakini wapimiwe na walipie. Yaani kiwanja kimoja, malipo mara mbili!

Wakubwa nao wana lao. Msingi ukichimbwa, ofisa kimya. Bati likipigwa, kimya. Ukishapaka rangi ndipo anafika na kopo lake kuandika X nyekundu ukutani. Hilo tulipigie kelele. Lakini kelele haisomwi na hakimu.

Basi sikieni. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Wewe unapata haki ya kuitumia. Kabla hujatoa hata senti, nenda ofisi ya ardhi ukapekue: kiwanja kimepimwa? Hati ina jina la nani? Ina mkopo wa benki? Muuzaji ana mke? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenzake. Na kama unaishi na leseni ya makazi, kumbuka haizidi miaka 5 bila kuihuisha.

Ukidhulumiwa, usilale. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Anza Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 linapatanisha tu, halihukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu.

Wala msiseme mahakama ni ya vigogo peke yao. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisikiliza shauri la Lohay Akonaay dhidi ya Serikali. Ikaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali, na Katiba inailinda. Mkulima alisimama na Serikali, sheria ikamsikia.

Kijana unayeweka akiba ya bodaboda ili ujenge vyumba vya kupangisha: kabla ya tofali la kwanza, poteza siku moja ukapekue. Chasimba waliokolewa na waziri. Wewe usijenge juu ya huruma ya waziri.