Vipandikizi vinavyoyeyuka na shingo ya majeruhi wa Mbinga



Uzi tunaomshonea mama aliyechanika akijifungua, iwe Litembo au Mbamba Bay, haturudi kuutoa. Maji ya mwilini huuvunja taratibu hadi ukaisha. Katika ukoo huohuo wa plastiki imo polilaktaidi, inayotengenezewa mabamba na skrubu za kuunganishia pingili za shingo. Nayo huvunjika ikawa asidi laktiki, ileile inayotoka kwenye misuli tukipanda milima ya Umatengo, na mwisho mwili huigeuza hewa ukaa na maji. Aina iliyotumika sana shingoni huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu kwisha.

Upasuaji wenyewe si mgeni. Tangu miaka ya 1950, kwa kazi ya Smith, Robinson na Cloward, daktari huingilia mbele ya shingo, huondoa diski iliyoharibika na kupachika kipande cha mfupa, mara nyingi kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Bamba hushikilia tu mpaka mfupa uote. Baada ya hapo bamba la titani hubaki maisha yote bila kazi, ilhali la polilaktaidi huondoka lenyewe. Tena halionekani kwenye eksirei, kwa hiyo daktari huona vizuri kama mfupa umeshika.

Pamoja na uzuri huo, sishauri tulisubiri. Skrubu zake ni dhaifu kuliko za chuma, na baadhi ya wagonjwa hupata uvimbe, au mfupa ulio jirani hulika. Zaidi ya yote, limejaribiwa hasa kwa watu wenye diski iliyochakaa, ambao kano za shingo bado ni nzima. Mgonjwa ninayemhofia mimi ni kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe kule Lituhi, au aliyetupwa na bodaboda kwenye kona za kuteremkia ziwani. Kano zake zimekatika, na shingo ya namna hiyo inahitaji titani.

Lakini kabla ya titani kuna safari. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Pingili iliyoteguka ikisogea njiani, uti wa fahamu huumia upya, na hakuna kipandikizi kitakachourudisha. Kwa hiyo naomba tujifunze kwa vitendo leo mchana: mmoja ashike kichwa na kutoa amri, wengine wamgeuze mgonjwa kwa pamoja kama gogo. Alazwe juu ya ubao, khanga zilizokunjwa zikaze pande zote mbili za kichwa, plasta ipite kwenye paji la uso. Kabla gari halijaondoka, tupime presha na hewa ya oksijeni, tuweke mpira wa mkojo, tuandike kama vidole vya miguu vinacheza, na tuwapigie simu wanaompokea.