Maua meupe ya jalalani

Wamama, majani haya munayajua. Yanaota yenyewe kwenye jalala na kando ya mashamba. Maua yake ni meupe kama tarumbeta, tunda lina miiba, ndani mbegu nyingi ndogo nyeusi. Jina lake datura.

Wazee walichoma majani yake, mutu wa pumu akavuta moshi. Hawakusema uongo: dawa iliyo ndani, atropini, hata sisi hospitalini tunaitumia. Lakini sisi tunaipima. Shina moja lina nguvu kidogo, la pembeni yake linaua, na kwa macho hauwezi kujua. Basi mutoto asipewe chai yake wala moshi wake.

Mutoto aliyekula mbegu, kinywa kinakauka, ngozi inakuwa moto na kavu, mboni za macho zinapanuka, anasema ovyo, anashika vitu ambavyo haviko. Wengine wanasema ni pepo. Hapana, ni sumu. Musimutapishe, musimunyweshe maziwa ao mafuta. Mumulete mbio, hata usiku, pamoja na kipande cha majani yale.

Tena, muchague maharagi na mahindi vizuri mbele ya kupika. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu walikufa kwa chakula kilichochanganyika na sumu ya mbegu hizi.