Haki ya Chungu cha Nyumbani katika Mavuno

Mada iliyotolewa mbele ya wazazi wa wanafunzi wa madrasa, Mvumi, wilaya ya Kilosa, katika msimu wa kuvuna mahindi.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, aliyetujaalia ardhi yenye rutuba na mvua yenye kheri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu, mama zetu na dada zetu. Tumezoea kukutana hapa kuzungumzia tawhidi, swala na bid'a zilizoingia katika ibada zetu. Leo tumekusudia kuzungumzia chungu. Huenda baadhi yetu wakaona kuwa hilo ni jambo la jikoni na mahali pake ni vikao vya akina mama. Tunawaomba wavute subira, kwani mwenye kukiharibu chungu mara nyingi hayupo jikoni kabisa. Yupo barabarani, kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi.

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu (s.w.) anawaamrisha watu wote wale katika vilivyomo ardhini vile vilivyo halali na vilivyo tayyib. Sifa mbili zimewekwa pamoja. Ile ya kwanza tumeishika vizuri, alhamdulillahi: nyama ikiletwa tunauliza imechinjwa na nani. Ya pili tumeiacha njiani. Neno tayyib katika Kiarabu hukusanya usafi, manufaa na kile ambacho nafsi iliyo salama hukiridhia. Mahindi yaliyoota ukungu ni nafaka ya halali, lakini tayyib si sifa yake. Soda na biskuti anazopewa mtoto asubuhi badala ya uji hatuna dalili ya kuziharamisha, na hatutaki kuwa miongoni mwa wanaoharamisha bila ya elimu. Hata hivyo mzazi anayejua kuwa uji wa lishe upo ndani ya uwezo wake, akaacha, ana swali la kujibu.

Na katika Suratul An'am, aya ya 141, baada ya kutajwa mimea na matunda ya namna mbalimbali, watu wanaamrishwa wale matunda hayo yanapozaa, watoe haki yake siku ya kuvunwa, na wasifanye israfu. Tazameni mpangilio huo. Kula kumetangulia. Ikafuata haki ya maskini. Soko halikutajwa hapo, ingawa biashara ni halali kwa aya nyingine. Mkulima wa zama zetu amepindua mpangilio: anaanza na soko, maskini anamsahau, na familia yake inakula kilichobaki kama kipo.

Ndugu Waislamu, hebu tuitazame hali yetu. Masika yanapokwisha, kuanzia Juni hadi Agosti, nyumba zetu zina mahindi, mpunga, ufuta, kunde, maboga na viazi vitamu, na mbaazi zinafuata. Huo ndio wakati ambao kila mtu ana mahindi, kwa hiyo ndio wakati ambao bei ipo chini. Magari yanafika mpaka kijijini, gunia linajazwa lumbesa, na baba anahesabu noti. Ikifika Januari, nyumba ile ile inanunua sembe kwa kilo dukani. Amenunua kwa bei ya juu kile alichokiuza kwa bei ya chini, na alichonunua ni duni kuliko alichouza, kwa sababu sembe imekobolewa kikaondolewa kiini na pumba, ambamo mna sehemu kubwa ya mafuta na vitamini za punje. Sukuma wiki au dagaa wa kununua nao wanapungua, kwa sababu pesa yote imekwenda kwenye unga. Mtoto anashiba ugali mtupu.

Kushiba huko kusitudanganye. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takriban watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Mwaka 2015-16 walikuwa 34, basi pana nafuu, alhamdulillahi. Lakini wapi wamedumaa zaidi? Iringa, ambako walizidi nusu ya watoto. Kisha Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Ghala lililojaa halikuwatosha watoto wale. Sisi wa Kilosa, wilaya ya mashamba na mabonde, tuna haja kubwa ya kulizingatia hilo.

Amepokea Bukhari kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tupime chakula chetu ili tubarikiwe ndani yake. Kwa nini tusiifanyie kazi Sunna hii mwezi huu huu? Nyumba inayosonga kilo mbili za unga kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, yaani gunia saba za kilo mia na kilo thelathini juu yake. Hizo zisiguswe na dalali. Nyumba hiyo hiyo ikiamua kwamba siku mbili katika kila wiki itapika muhogo, ndizi, viazi vitamu au magimbi, imepunguza kilo 208 katika hesabu hiyo, zaidi ya gunia mbili. Basi anayetaka pesa ya ada na bati na auze gunia hizo mbili, auze ufuta, lakini asiuze chakula cha Februari. Na aliyefikisha nisabu, ambayo ni wasaq tano na wanazuoni wengi wa zama hizi wameikadiria kuwa kiasi cha kilo 650, atoe sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua na nusu ya hiyo kwa shamba la kumwagilia. Ipo khilafu kama mahindi yanaingia katika nafaka za zaka; tunaloliona kuwa na nguvu ni kwamba kila nafaka inayoliwa kwa kushibisha na kuwekwa akiba inaingia.

Asiyepima ndiye anayekopa. Na hapa, ndugu zetu, tuseme wazi. Mtu anachukua debe moja la mahindi wakati wa njaa kwa sharti la kulipa gunia wakati wa mavuno. Gunia ni madebe sita hivi. Hiyo ni riba bila shaka yoyote, hata kama wote wawili wanaswali safu ya mbele. Njia ya halali ipo. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili, akawaelekeza iwe kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Hii ndiyo salam, na imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Salam ni kuuza: pesa inatolewa leo, mazao yanaletwa kwa wakati wake, kwa bei waliyoridhiana. Kukopesha mahindi na kudai mahindi zaidi ni kitu kingine kabisa.

Tuingie sasa jikoni kwenyewe. Mwenyezi Mungu ameupa kila msimu mboga yake. Mvua zikishanyesha, majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha, mnavu na mlenda hupatikana kwa kuinama tu. Kiangazi kikiingia, kisamvu bado kipo, matembele yapo mabondeni, na kunde na mbaazi kavu zipo ndani ya nyumba. Embe zinakuja kuanzia Novemba. Wazazi wetu walijua kukausha majani ya kunde na mlenda kivulini na kuyahifadhi kwa ajili ya kiangazi. Ujuzi huo unakufa mbele ya macho yetu, kwa sababu binti anaona haya kuonekana akianika mboga. Kunde zilizotiwa karanga za kutwanga, kisamvu kilichopondwa vizuri kikaungwa kwa ufuta, maharage na ndizi, maziwa tunayoletewa na jirani zetu wafugaji: katika hayo umepungukiwa na nini? Mama akiminya limao au kuweka ukwaju juu ya mboga za majani amefanya jambo jema zaidi ya ladha, kwani uchachu wa namna hiyo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga, na wajawazito wetu wanayahitaji mno.

Baadhi ya wanaume wakiwekewa mlenda hukunja uso, wakasema hiki ni chakula cha kimaskini. Hawa tunawakumbusha hadithi mbili. Abu Huraira (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia aibu chakula: akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Na Anas (r.a.) amesimulia kuwa fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume, akaleta mkate wa shayiri na mchuzi wenye maboga na nyama kavu, Anas akamwona Mtume akiyafuata maboga pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas akayapenda maboga. Boga, ndugu zetu! Hili hili ambalo kwetu linaozea shambani, au hupewa mbuzi.

Tumewasikia wengine wakiuliza kama kuna Sunna ya kula tende na shayiri hapa petu. Tende ni kheri, hasa katika futari. Lakini Mtume (s.a.w.) na Masahaba zake walikula kilichoota katika ardhi yao na kilichowafikia kwa wepesi, na alipoambiwa na ahli zake kuwa hakuna kitoweo isipokuwa siki, aliiomba na kuisifu, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.). Tunaona, na Allah ndiye ajuaye zaidi, kwamba anayekula kunde za Mvumi kwa kuridhika yupo karibu na mwenendo huo kuliko anayekopa ili anunue tende za boksi. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, wakati ghala za wengi ni tupu. Futari ya muhogo, magimbi na uji wa mtama inaweza kuandaliwa na nyumba iliyojipanga tangu Agosti. Atakayefuturisha jirani zake wakati huo ndiye aliyepima Julai.

Jambo la hatari tusilipite. Tumesifu dona, na dona ni bora, kwa sharti mahindi yawe mazima na makavu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani zetu, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kutokana na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika nafaka. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ukiyasaga mahindi mabovu kuwa dona umeisaga sumu yote pamoja nayo. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasianikwe juu ya udongo mtupu. Yakauke sawasawa kabla ya kuwekwa. Punje zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa, wala asipewe kuku. Ile mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wauza pembejeo huiita kinga njaa, inazuia dumuzi bila ya dawa, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na gunia lililoliwa likabaki vumbi. Dona isagwe kidogo kidogo, kwa kuwa haikai muda mrefu kama sembe. Wapo wanaochukua mahindi mabovu kama hayo wakayauza kwa watengeneza pombe. Hao wamekusanya madhara mawili, na dhambi yake haihitaji maelezo mbele ya hadhira hii.

Sasa suala ambalo akina mama wametuletea kwa maandishi, zaidi ya mmoja, bila ya majina. Wanauliza: mume ameuza mavuno yote, au ghala lipo na ufunguo anatembea nao, watoto wanakosa, je, inafaa mke kuchukua bila ya ruhusa?

Suala hili lilipata kuulizwa zamani. Hind bint Utba (r.a.) alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni mgumu wa mkono, hampi kinachomtosha yeye na wanawe. Mtume akamruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na watoto kwa wema, yaani kwa kiasi kinachojulikana kwa desturi. Hadithi ipo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo jibu ni ndiyo: achukue unga wa chungu chake, bila ya kuzidisha na bila ya kuuza kwa haja nyingine, na wala si mwizi. Imamu Abu Daud naye amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba inamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapoteza wale ambao chakula chao kipo juu yake. Mume aliyekwisha kuuza kila kitu bado anadaiwa chakula hicho. Hadai lake halianguki kwa kuwa ghala ni tupu. Wanazuoni wameihesabu nafaka ya mke kuwa haki yake juu ya mumewe, na akiizuia hali anaiweza, mke anaweza kumfikisha mbele ya wazee na kadhi.

Ufunguo wa ghala, basi, uwe mahali ambapo mpishi anaufikia. Wenye masuala zaidi ya mirathi ya mashamba na zaka ya mpunga waonane nasi baada ya swala ya Isha, kwani muda wa adhana umekaribia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.