Aliyewafungulia Mama Zake Mlango



Huku kwetu jambo la kukua si geni. Kila mwaka, likizo ndefu ya Desemba inapofika, wavulana wengi hutahiriwa, hukaa kando kwa siku kadhaa wakifundishwa na wakubwa wao, kisha hutoka wakiitwa wanaume. Siku hizi wengi hupelekwa hospitalini, na makanisa nayo yameingia katika kazi ya kuwafunza. Baba hufurahi, mama hupika, na kijana hataki tena kuitwa mtoto. Lakini je, ni kitu gani hasa kimfanyacho mtu kuwa mtu mzima? Ni kisu? Ni ndevu? Ni cheti cha shule?

Leo tungependa tufundishwe na mtoto mmoja wa hadithini. Jina lake Njoroge, naye yumo katika kitabu Weep Not, Child, kilichoandikwa na Ngugi wa Thiong'o na kutolewa mwaka wa 1964. Mwandishi huyo aliaga dunia mwezi wa Mei 2025, lakini Njoroge wake angali anasomwa.

Hadithi yenyewe ni ya Ugikuyuni, walakini nyakati zake zilitupata sisi sote. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwatia Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja. Mwezi wa Aprili 1954 walikamatwa pamoja mjini Nairobi kwa maelfu, na huku mashambani watu wakaondolewa katika miji yao wakasongamanishwa vijijini chini ya ulinzi. Wengine walikwenda msituni, kama Musa Mwariama wa Meru, aliyetoka huko wakati wa uhuru mwaka wa 1963. Wengine walishika bunduki za serikali, wakaitwa homugadi. Nao mara nyingi walikuwa watu wa ukoo mmoja.

Katika nyakati hizo ndimo Njoroge anamokulia. Mwanzoni mama yake, Nyokabi, anamwuliza kama angependa kwenda shule. Mtoto anajawa na furaha! Anapata shati na kaptura, yeye aliyekuwa akijifunga kitambaa tu. Tangu siku hiyo anaota ndoto moja: atasoma, na kwa elimu yake na msaada wa Mungu ataiokoa jamaa yake, hata nchi yake. Anasoma Biblia na kuamini kwamba siku njema zaja. Anapopata nafasi katika shule ya juu, majirani wanachanga pesa ili aende.

Ndoto hiyo si mbaya. Ila tuitazame vizuri. Katika ndoto hiyo Njoroge ndiye anayesimama katikati, na watu wengine wamezunguka kumngojea. Hivyo ndivyo mtoto aonavyo dunia, wala hatumlaumu.

Kisha mambo yanaanza kumfumbua macho. Siku moja shuleni kwake kuna mchezo na shule ya Wazungu, naye anakutana na Stephen, mwana wa Bwana Howlands, yule mlowezi ambaye baba yake Njoroge alimfanyia kazi. Wanapozungumza, yule mvulana Mzungu anasema kwamba zamani alikuwa akijificha karibu na njia, akitamani kuongea na watoto Waafrika, lakini akaogopa. Njoroge anashangaa, maana yeye naye alikuwa akiogopa. Kumbe hofu ilikuwa pande zote mbili za ua!

Baadaye yanakuja mateso. Njoroge anaondolewa shuleni, anapigwa, na baba yake, Ngotho, anakufa kwa majeraha. Jacobo, chifu na adui wa baba yake, anauawa, na aliyemwua ni Boro, ndugu yake Njoroge mwenyewe. Sasa binti wa chifu huyo, Mwihaki, rafiki wa Njoroge tangu siku za kwanza za shule, ni yatima wa baba kama yeye. Njoroge anamwomba wakimbie pamoja waende Uganda. Mwihaki anakataa. Mama yake yuko peke yake, hawezi kumwacha. Anamkumbusha Njoroge kwamba wao si watoto tena, na mtu mzima ana wajibu kwa wenziwe. Angalieni, ndugu zetu: msichana ndiye aliyetangulia kukua.

Njoroge anavunjika moyo kabisa, hata anataka kujiua. Mama yake anatoka gizani kumtafuta, anamwita, naye anaitika. Njiani anasikia aibu moyoni kwa kuukimbia wajibu wake. Lakini wanapofika karibu na nyumbani, anakimbia mbele akawafungulia mlango mama zake wawili, Nyokabi na Njeri.

Basi, hilo tu. Hakuiokoa nchi. Hakupata cheti. Alifungua mlango ili wanawake wawili waliochoka wapite kwanza. Nasi twasema kwamba hapo ndipo Njoroge alipoanza kuwa mtu mzima, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliuona uchovu wa mtu mwingine kabla ya huzuni yake.

Wazazi wapenzi, kijana wenu atakapotoka Desemba hii, msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni ni nani nyumbani aliyechoka, ni jirani gani analia, na yeye amefanya nini. Nanyi vijana, huenda babu yako alikwenda msituni na babu wa mwenzako alishika bunduki ya serikali. Msirithi uadui wao. Kaeni mkaulizane: ninyi mliogopa nini? Sisi tuliogopa nini?

Na kama kuna anayetusikiliza aliye katika giza kama lile la Njoroge, tunamsihi asikae peke yake. Akiitwa, na aitike. Asipoitwa, na amwendee mama, rafiki au mzee wa kanisa, amweleze yaliyo moyoni.

Ee Mungu, tukuze tusimame kimo cha kuwaona wenzetu. Amina.