SIMU MPYA NA MSHAHARA WETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya kazi na wazee waliokusanyika Wenje, Tana River)

  

Tumeombwa tuseme machache juu ya simu hizi mpya na vyombo vingine vya mfukoni, maana siku hizi kila mfanya kazi ajaye likizo hushuka katika basi na simu ya kioo mkononi, iafoni masikioni, pawabanki mfukoni, na pengine spika ndogo ndani ya mkoba. Wenje haina reli, na wengi wenu mwaijua treni kwa kusikia tu. Lakini sisi wa reli tuliozaliwa kando ya mto huu tuko huko Mombasa na Voi, na mshahara wetu hufika hapa kwa njia ya simu. Kwa hiyo tukizungumza habari za simu twazungumza habari za mshahara, na hiyo ndiyo kazi ya chama.

Twaanza na wema wake, maana si haki kukilaumu chombo mchana na jioni ukakaa ukikitumia.

Zamani mtu aliyekuwa kazini Mombasa akitaka kuwapelekea fedha watu wake alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni hawala ya posta, na mzee wa watu afunge safari kwenda kuitoa. Ya pili ni kumpa kondakta wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Bahasha nyingine zilifika, nyingine zilifika zikiwa nyepesi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mambo hayo yamekwisha. Lakini ifahamike vizuri ya kwamba kazi hiyo haihitaji simu ya kioo. Kabambe, ile ya vitufe na tochi tuiitayo mulika mwizi, yatuma na kupokea fedha sawasawa. Mtu akiwaambia wazee kuwa bila simu janja hawatapata fedha za watoto wao, jueni huyo anauza simu.

Wema wa pili tuliuona wakati wa mafuriko, Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024. Mto wetu hushuka kutoka mlimani, na huko juu yako mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ikijaa na kufurika, maji hushuka bwawa kwa bwawa, na huchukua siku kadhaa mpaka kufika kwetu. Siku hizo kadhaa ndizo mali. Ndani yake mtu aweza kuvuna mahindi yaliyokomaa, kuhamisha mbuzi, na kuwapeleka watoto na wagonjwa mahali pa juu. Wazee waliyasoma maji kwa rangi yake na kwa magogo yanayoelea, na elimu hiyo isitupwe. Lakini sasa picha ya mto ulivyo Garissa yafika Wenje kabla ya maji yenyewe.

Hata hivyo picha nayo yaweza kusema uongo. Mtu huchukua picha ya mafuriko ya mwaka mwingine akaituma leo, na kijiji kizima kikahama usiku bila sababu. Mara ya pili, picha ya kweli ikija, watu hawaamini tena. Basi ukipata picha ya namna hiyo usiitume mbele upesi. Mpigie mtu aliye Garissa au Hola umwulize, wewe mto wauonaje kwa macho yako? Tena, mvua ikishika siku tatu, sola haichaji kitu. Simu ya kioo hufa siku hiyo hiyo, na kabambe hukaa siku nyingi. Wenye nyumba zisizo na stima wanayajua haya kuliko sisi.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo pana maumivu.

Simu hizi wafanya kazi wengi hawazinunui kwa fedha taslimu. Huzichukua kwa malipo ya kila siku. Mwaka 2020, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulipotangazwa, mtu aliweka amana ya shilingi 1,000 kisha akalipa shilingi 20 kwa siku. Tangu hapo wauzaji wa namna hiyo wamekuwa wengi, na simu zimekuwa kubwa, na ile mdogo mdogo imekuwa si ndogo tena. Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Tuseme simu yauzwa dukani shilingi 12,000 taslimu. Muuzaji akwambia weka amana 2,000, kisha lipa shilingi 60 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 60 haitishi mtu, ni bei ya chai na mandazi. Lakini 60 mara siku 365 ni shilingi 21,900, na ile amana, jumla 23,900. Umenunua simu mbili, na moja umeiacha dukani.

Na muuzaji hana haja ya kutuma mtu nyumbani kwako. Usipolipa, simu hujifunga yenyewe, hata ukiwa umelazwa hospitali, hata mvua ikiwa imekata barabara na kazi hakuna. Kibarua halipwi siku asiyofanya kazi, lakini siku hiyo simu yamdai vile vile. Tumewaona vijana wanaokosa chakula cha mchana ili kioo kisizime.

Kwa hiyo wenye simu za namna hiyo, shikeni neno hili: simu ni ya muuzaji mpaka umalize, lakini laini ni yako. Kabambe ya zamani usiiuze wala usimpe mtoto aichezee. Simu janja ikifungwa, toa laini uitie katika kabambe, na fedha zako utazipata, na mama atakupata.

Liko jambo jingine katika habari hii ya bei, nalo halionekani upesi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ya kwamba makato yote anayokatwa mfanya kazi na mwajiri wake yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sababu yake ni kwamba mtu asije akafanya kazi mwezi mzima akarudi nyumbani mikono mitupu. Sheria hiyo ni nzuri, lakini huyahesabu makato ya ofisini. Siku hizi iko ofisi ya pili ya makato, nayo imo mfukoni mwako. M-Shwari ilikuja mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019, na mikopo mingine ya simu mingi. Mshahara watoka ofisini ukiwa umekatwa kwa halali, karatasi yako waiona, na chama chaweza kuikagua. Kisha waingia katika simu, na mle ndani wakatwa tena, kimya, bila karatasi ya kumwonyesha mwandishi wa tawi. Anayedaiwa Fuliza, shilingi yo yote ikiingia, deni hula kwanza.

Akina mama mliopo mnielewe vizuri hapa. Mwana akikutumia shilingi 1,000 ya unga, nawe ulikuwa na deni la Fuliza la shilingi 700, utaona 300 na utadhani mwana amekuwa bahili. Ugomvi wa namna hii tumeusikia si mara moja. Semeni mapema, fedha za unga zipite kwa laini isiyo na deni.

Na wale wakopeshaji wanaowapigia jamaa zako na msimamizi wako kazini ili wakuaibishe, kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zimewakataza. Mwanachama akitendewa hivyo asinyamaze kwa haya. Aweke ule ujumbe, asiufute, auonyeshe chama.

Twaja kazini. Sehemu nyingi za kazi sasa, si reli peke yake, zamu hutangazwa katika kundi la WhatsApp. Saa nne ya usiku simu yalia: kesho fulani aripoti saa kumi na moja alfajiri, fulani zamu yake imebadilishwa. Asiye na bando hakuona. Ambaye simu yake imefungwa na muuzaji hakuona. Asubuhi aandikiwa kuwa mtoro. Sisi twauliza: bando hiyo ni ya nani? Na ile simu iliyonunuliwa kwa shilingi 23,900, kama kazi ya mwajiri haiendi bila hiyo, je, si chombo cha kazi kama nyundo na taa?

Reli ilipojengwa kutoka Mombasa tangu mwaka 1896 hata ikafika Kisumu mwaka 1901, waya wa simu ulikwenda sambamba nayo. Hakuna karani wa steshoni aliyeambiwa anunue kipande chake cha waya. Mshika bendera alipewa bendera, mwenye taa alipewa taa na mafuta yake. Mambo mengi ya zamani yale hatuyatamani, lakini hili lilikuwa haki, na hatuoni kwa nini lipotee kwa sababu waya umekuwa hauonekani. Wala hatusemi zamu isitangazwe kwa simu. Twasema ibandikwe pia ubaoni kwa maandishi, na anayetakiwa kutumia simu yake kwa kazi alipwe bando. Na siku ya kupumzika, ambayo sheria ile ile yasema ni moja angalau katika kila siku saba, iwe siku ya kupumzika. Kulala ukiwa na sikio moja juu ya simu si kupumzika.

Na mambo ya chama msiyajadili katika kundi alimo msimamizi. Hili twalisema kwa kicheko lakini si kicheko. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, wa bandari na wa reli pamoja, na hakuna aliyekuwa na simu mfukoni. Walikuwa na uwanja wa mkutano, wakaonana uso kwa uso. Leo mtu aweka alama ya kidole gumba katika kundi na kudhani amehudhuria mkutano.

Neno moja kwa vijana wa reli, nalo ni zito. Iafoni isivaliwe njiani. Treni ya abiria ya reli ya kisasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, huenda mpaka kilomita 120 kwa saa, maana yake kilomita 2 kwa dakika. Wakati wa kusikiliza wimbo mmoja wa dakika tatu imekwenda kilomita 6. Mwenye filimbi wa genge apuliza, wenzako wakimbilia kando, wewe umeinama na koleo, masikio yamejaa muziki. Hata katika reli ya zamani, ambako treni zaenda polepole, mabehewa yanayosukumwa uwanjani huja bila kishindo, na shanta hutegemea sikio kuliko jicho usiku. Mwenzako akivaa iafoni njiani, mvue. Akikasirika, na akasirike.

Habari za saa za mkono zinazohesabu hatua hatuna la kusema. Shanta atembeaye uwanjani usiku kucha hahitaji saa ya kumwambia kuwa amechoka. Spika nazo, tunawaomba tu vijana wakumbuke kuwa Wenje usiku watu hulala.

Sasa, anayetaka simu afanyeje? Hatusemi asinunue. Mtoto wa shule huihitaji, na mkulima wa maembe akijua bei ya Mombasa au Malindi mchuuzi hamdanganyi kirahisi. Twasema anunue bila kuuza mwaka mzima wa maisha yake. Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, na simu zake za kwanza ziliuzwa chini ya shilingi 10,000. Basi watu kumi wakichanga shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi na kuzungukiana, kila mwezi mmoja wao apata shilingi 10,000 mkononi, na kwa miezi kumi wote kumi wana simu, na hakuna aliyelipa faida kwa mtu. Wa mwisho angoja, ni kweli. Lakini simu yake haitajifunga. Wenye akiba katika sako waulize pia mkopo wa huko una faida kiasi gani, walinganishe na ile 60 ya kila siku kabla ya kutia kidole.

Na kutia kidole kwenyewe kuna hila. Mkataba huja ndani ya simu, kwa Kiingereza, kurasa nyingi za herufi ndogo, na chini kabisa neno moja la kubali. Sisi tuliosoma shule ya msingi ya misheni na kuishia hapo twaweza kusoma Kiingereza cha ubao wa steshoni. Kile cha wanasheria hatukiwezi, na tunadhani hata waliosoma sana hawakisomi. Twataka chama kidai mikataba hii iwe pia kwa Kiswahili. Ili kidai, chahitaji ushahidi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote walionunua simu kwa malipo ya kila siku waandike katika karatasi mambo manne: bei ya taslimu waliyoambiwa, amana waliyotoa, malipo ya kila siku, na idadi ya siku. Majina ya wauzaji yaandikwe nyuma ya karatasi. Waliopoteza zamu au kuandikiwa utoro kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp waandike tarehe na saa ujumbe ulipoingia. Wasioweza kuandika wasaidiwe na watoto wao. Karatasi apewe mwandishi wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, na walio huku Wenje waweza kutupa sisi. Twaondoka kwa basi la asubuhi siku ya Jumatatu.